Kiel yaipa Exchange kisogo: visanduku 40,000 vya barua na mzigo uliojificha kwenye kalenda

Tarehe 2 Oktoba 2025 jimbo la Schleswig-Holstein, lililo kaskazini kabisa mwa Ujerumani mpakani na Denmark, lilimaliza kuhama Microsoft Exchange, mfumo wa seva unaobeba barua pepe na kalenda za ofisi. Kwa miezi sita, visanduku vya barua pepe zaidi ya 40,000 vilipelekwa kwenye Open-Xchange, mfumo huria wa kazi hiyohiyo, na watumishi wakatolewa kwenye Outlook, programu ya Microsoft ya kusomea barua, wakawekwa kwenye Thunderbird, mbadala wake huria. Barua na miadi ya kalenda iliyohamishwa ilipita milioni 100. Wizara zilihama, mahakama zikahama, polisi wakahama, pamoja na ofisi kuu ya serikali ya jimbo mjini Kiel, makao makuu yake: watumishi wapatao 30,000 kwa jumla.

Visa vya serikali kuacha programu za kulipia na kushika programu huria, zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote, viko vingi, na husimuliwa kwa namna mbili tu: ushindi mtupu, au aibu tupu. Hiki hakiingii kwenye kapu lolote kati ya hayo mawili. Kazi imefanyika, fedha imeanza kuonekana, watumishi wamelalamika, waziri amekiri makosa, na sehemu ngumu kuliko zote bado haijaguswa. Kwa fundi au mkurugenzi anayetazama ankara ya leseni na kujiuliza kama kuna njia nyingine, kina mengi ya kufundisha kuliko kisa kilichonyooka.

Tuanze na ankara yenyewe, maana wengi huiona jumla bila kujua imejengwaje.

Ukitaka kuendesha Exchange kwenye seva yako mwenyewe, kwanza unahitaji Windows Server. Hiyo hulipiwa kwa idadi ya viini vya prosesa, na kiwango cha chini ni viini 16 kwa kila seva hata kama mashine yako ina vinane. Kisha kila mtumishi anayegusa seva hiyo, au kila kifaa, anahitaji leseni ya kuunganishwa. Hapo hujagusa barua pepe bado. Exchange yenyewe ina leseni ya seva, halafu leseni nyingine ya kila mtumishi. Ukitaka na mambo ya ziada, kama uhifadhi wa kisheria wa barua, kuna leseni ya ngazi ya juu ambayo haichukui nafasi ya ile ya kawaida: inapandishwa juu yake, unalipa zote mbili. Outlook huja na Office, na Office ina bei yake. Akiajiriwa karani mmoja leo, seva haijaongezewa hata kipande cha kumbukumbu, lakini ankara imeongezewa mistari mitatu au minne kwa mtu huyo huyo mmoja.

Zamani angalau ulinunua mara moja ukakaa nayo hadi izeeke. Mlango huo umefungwa. Exchange 2016 na 2019 zilikoma kupata viraka vya kawaida vya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, siku 12 tu baada ya Kiel kumaliza kuhama, na toleo lililozirithi linadai malipo yasiyokatika. Microsoft haiko peke yake. Kampuni ya Broadcom ilikamilisha ununuzi wa VMware, programu ya kugawa seva moja kuwa mashine pepe nyingi, mwezi Novemba 2023, na mwezi uliofuata ikaacha kuuza leseni za kudumu. Kampuni nyingi zilizokuwa zimetulia na seva zao zikaamka na hesabu mpya kabisa mezani.

Ila nisikosee kusema Kiel walikimbia bei tu. Mwaka 2021 Jan Philipp Albrecht, aliyekuwa waziri wa mambo ya kidijitali wa jimbo kutoka chama cha Kijani, alitangaza lengo la kuhamishia kompyuta 25,000 kwenye LibreOffice, mbadala huria wa Office, na Linux, mbadala huria wa Windows, ifikapo mwisho wa 2026. Aliondoka serikalini mwaka uliofuata. Kazi ikashikwa na Dirk Schrödter wa CDU, chama cha kihafidhina, naye hakuitupa, aliikaza. Aprili 2024 serikali ikapitisha LibreOffice kuwa programu ya kawaida ya ofisi kwa kompyuta 30,000 na kutaja orodha ya yatakayofuata: mfumo endeshi wa Linux, Nextcloud badala ya SharePoint (hifadhi ya mafaili ya pamoja), Open-Xchange badala ya Exchange, saraka huria badala ya Active Directory (daftari la Microsoft la watumiaji na ruhusa zao), na mfumo huria wa simu. Sababu waliyoitanguliza ni uhuru wa kidijitali, yaani serikali iwe na kauli juu ya mashine zinazobeba mafaili ya raia wake.

Mei 2025 hoja hiyo ilipata nguvu isiyotarajiwa. Shirika la habari la AP liliripoti kwamba Karim Khan, mwendesha mashtaka mkuu wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague, alipoteza barua pepe yake ya Microsoft baada ya Marekani kumwekea vikwazo. Microsoft ilikana kuwa ilisitisha huduma kwa mahakama hiyo. Vyovyote ilivyokuwa, kila afisa wa TEHAMA wa serikali barani Ulaya alijiuliza swali moja usiku huo, na lilikuwa swali la siasa kuliko la ufundi.

Mpangilio wa hatua

Kabla ya Kiel kulikuwa na Munich. Mwaka 2003 jiji hilo liliamua kuachana na Windows, na Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, akakatiza likizo yake akaenda kuonana ana kwa ana na meya Christian Ude. Hakumgeuza. Miaka kumi baadaye zaidi ya kompyuta 14,000 za jiji zilikuwa zikitumia Linux ya kwao iliyoitwa LiMux. Kisha meya akabadilika, malalamiko yakapata masikio, na Novemba 2017 baraza likapiga kura kurudi Windows.

Watu hubishana hadi leo kama Munich ilishindwa kwa ufundi au kwa siasa. Mimi naona walianza na kile ambacho mtumiaji hukiona kwanza. Ukimbadilishia mtu mfumo endeshi, kila kinachokwama baada ya hapo, iwe printa, iwe faili la jirani, iwe tovuti iliyoandikwa vibaya, lawama zote zinaangukia Linux. Mashine nzima imegeuka mshitakiwa.

Kiel waligeuza mpangilio. Walianza na programu ya kuandikia, LibreOffice, ikiwa juu ya Windows ileile. Kwa hiyo mtumishi alibadilishiwa kitu kimoja tu, na muundo wa mafaili ukahama kwenda ODF, muundo huria wa hati, taratibu. Halafu wakaja kwenye seva: mafaili ya pamoja kwenda Nextcloud, barua kwenda Open-Xchange. Thunderbird inafanya kazi kwenye Windows na kwenye Linux kwa sura ileile, LibreOffice pia, Nextcloud inafunguka kwenye kivinjari chochote. Siku Windows itakapoondolewa, mtu atakuta programu zake zote zimeshafika kabla yake. Linux imewekwa karibu na mwisho wa foleni, na nadhani huo ndio uamuzi wa akili kuliko yote katika mradi huu.

Lingine lililowasaidia halionekani kwenye matangazo: Dataport. Hili ni shirika la umma la TEHAMA lenye makao Altenholz, jirani na Kiel, linalomilikiwa kwa pamoja na majimbo kadhaa ya kaskazini likiwemo Hamburg. Lina vituo vyake vya data na mafundi wake. Kwa hiyo jimbo lilipoamua kuendesha Open-Xchange halikuhitaji kutafuta pa kuiweka wala nani wa kuilea. Ofisi isiyo na Dataport yake inaposoma kisa hiki ikumbuke kwamba imeruka gharama ambayo Kiel walishailipa miaka mingi kabla.

Barua ni rahisi, kalenda si rahisi

Kuhamisha barua pepe kunachosha lakini hakuna fumbo. Barua ni maandishi yenye vichwa na viambatisho. Itifaki ya IMAP, lugha ya kusomea barua zilizo kwenye seva, iliasisiwa mwaka 1986 na kila seva ya leo inaielewa. Unaweka programu ya kunakili, inasoma kisanduku cha zamani folda kwa folda na kuandika kwenye kipya. Usiku wa kwanza inabeba kila kitu, usiku unaofuata inabeba kilichoongezeka. Siku ya kuhama unageuza njia ya barua zinazoingia, unanakili mara ya mwisho, mtu anafungua Thunderbird asubuhi anakuta barua zake. Zikiwa milioni 100 zinahitaji diski na subira. Ni hesabu ya muda tu.

Kalenda ni habari nyingine. Chukua masjala ya mahakama yoyote. Kuna kisanduku kimoja cha pamoja ambacho makarani watano wanakifungua, kila mmoja akitaka kuona mwenzake ameshajibu nini. Jaji ana kalenda, lakini anayeiandika ni katibu wake. Chumba cha kusikilizia kesi nacho kina kalenda yake kwenye seva: ukikialika saa nne asubuhi na kiko wazi kinakubali chenyewe, kikiwa kimechukuliwa kinakataa.

Mambo haya matatu, yaani kisanduku cha pamoja, katibu anayeandika kwa niaba ya bosi, na chumba kinachojibu chenyewe, hayamo ndani ya barua hata moja. Yamo kwenye hifadhidata ya Exchange na kwenye saraka ya Active Directory, na Outlook huyafikia kwa njia ambayo Microsoft waliiunda kwa ajili ya bidhaa zao. IMAP haiyabebi. Faili la kalenda la kawaida linabeba miadi: siku, saa, mahali, walioalikwa. Halibebi kwamba katibu fulani ana ruhusa ya kukubali mwaliko kwa jina la jaji lakini hana ruhusa ya kusoma miadi aliyoifanya siri. Ruhusa hizo lazima zisomwe upande mmoja na kujengwa upya upande wa pili, moja moja, kwa kanuni ambazo hazilingani kabisa.

Na miadi inayojirudia ndiyo iliyo mbaya zaidi. Kikao cha kila Jumatatu tangu miaka mitatu iliyopita, chenye Jumatatu kadhaa zilizosogezwa Jumanne kwa sababu ya sikukuu, mbili zilizofutwa, na mwandalizi aliyekwisha kustaafu. Kwenye mfumo wa zamani kinaonekana sawa. Kwenye mfumo mpya kikao kilichofutwa kinafufuka, au cha Jumanne kinaonekana mara mbili, na mtu wa pekee mwenye haki ya kukirekebisha hana tena akaunti.

Ongeza kwamba watu 30,000 hawahami siku moja. Katika uhamaji wowote wa hatua kwa hatua kuna wiki au miezi ambapo nusu ya ofisi iko seva ya kale na nusu iko seva mpya. Wa huku anataka kujua kama wa kule ana nafasi Alhamisi. Seva mbili zisizozungumza lugha moja zinatakiwa kuulizana. Hapo ndipo barua zinapochelewa, mialiko inapopotea, na simu za dawati la msaada zinapoanza kulia.

Zililia kweli. Septemba 2025, kabla zoezi halijakamilika, vyombo vya habari vya Ujerumani viliripoti malalamiko ya watumishi, ya watu wa mahakama yakiwa makali zaidi: barua kuchelewa, mfumo kukatika, kazi ya kila siku kukwama. Schrödter aliwaandikia watumishi akikiri makosa. Hakusimamisha zoezi.

Watumishi hao wana haki, na wapenzi wa programu huria wanakosea wanapowaita wavivu wa kujifunza. Mahakama ina muda wa kisheria wa kuwasilisha hati. Barua iliyochelewa kwa saa tatu inaweza kuwa rufaa iliyokosa tarehe. Tena miezi sita kwa visanduku 40,000 ni mwendo wa kasi sana, na kasi hiyo ilikuwa na harufu ya siasa: Juni 2025 shirika la habari la AFP, lililozungumza na waziri, lilikuwa limeripoti kwamba katika muda usiofika miezi mitatu karibu hakuna mtumishi, polisi wala jaji wa jimbo hilo atakayekuwa anatumia programu za Microsoft. Ahadi kama hiyo ikishatoka hadharani, fundi anayeomba wiki mbili zaidi za kujaribu kalenda za mahakama hana wa kumsikiliza. Ningekuwa na sauti pale, mahakama zingehama mwisho, baada ya idara ambazo barua ikichelewa hakuna anayepoteza kesi.

Hesabu ya fedha

Desemba 2025 wizara ilitoa takwimu. Mwaka 2026 jimbo litaokoa zaidi ya euro milioni 15 za leseni. Mwaka huohuo litatumia euro milioni 9, mara moja tu, kumalizia uhamaji na kuboresha programu huria zenyewe. Nje ya mamlaka ya kodi, ambayo ina ratiba yake, karibu asilimia 80 ya kompyuta za kazi zilikuwa zimeshahamia LibreOffice.

Gawanya milioni 15 kwa watumishi 30,000 unapata kama euro 500 kwa kila kichwa kwa mwaka. Milioni 9 zinarudi kabla mwaka 2026 haujafika Septemba. Kwa karatasi hakuna anayeweza kubisha.

Lakini isome kwa makini. Milioni 15 ni leseni ambazo hazitalipwa, na upande wa pili wa daftari kuna mambo ambayo sentensi hiyo haiyataji: mikataba ya huduma na Open-Xchange na Nextcloud, mishahara ya mafundi wa Dataport, mafunzo, na saa ambazo watumishi walizipoteza wakisubiri kalenda ifunguke. Kazi ya miaka ya 2021 hadi 2025 nayo haimo kwenye zile milioni 9 za 2026. Wapinzani bungeni wameligusa jambo hili, na sidhani kama wanakosea kuuliza. Cha bure ni ghali, wahenga walishasema, na programu huria ni bure kwa maana ya leseni tu.

Tofauti kubwa iko kwenye tabia ya gharama hizo mbili. Ankara ya leseni inapanda kwa uamuzi wa mtu aliye Redmond, makao makuu ya Microsoft, na kazi yako ni kulipa. Mkataba wa huduma ya programu huria unaweza kuushindanisha: msimbo uko wazi, kampuni nyingine inaweza kuusoma na kuuhudumia. Nextcloud yenyewe ni ushahidi. Mwaka 2016 Frank Karlitschek aliachana na kampuni ya ownCloud aliyoiasisi, akachukua msimbo na sehemu kubwa ya waandishi wake, akaanzisha Nextcloud. Waliokuwa wakitumia ownCloud waliweza kumfuata bila kuandika data yao upya. Jaribu kufanya hivyo na Exchange.

Kadhalika nisiwapake mafuta. Programu huria nazo zina visirani vyake. Desemba 2020 Red Hat, kampuni inayouza huduma za Linux, walitangaza kuwa CentOS 8, Linux ya bure iliyokuwa ikibeba seva za watu wengi mno waliotaka ubora wa Red Hat bila kulipa, ingekatwa mwisho wa 2021, zaidi ya miaka saba kabla ya muda ulioahidiwa. Redis, programu ya hifadhidata, ilibadili leseni mwaka 2024. Tofauti ni kwamba watu walipokasirika walichukua msimbo wakaendelea: kwa CentOS zikazaliwa Rocky Linux na AlmaLinux, kwa Redis ikazaliwa Valkey. Ilikuwa usumbufu na wiki kadhaa za kazi. Haikuwa utumwa.

Kilichobaki: saraka

Ukiuliza mafundi wa seva ni nini kinachoishikilia ofisi kwa Microsoft, wachache watataja Exchange. Watataja Active Directory. Ndiyo inayojua nani ni nani: jina la kuingilia, neno la siri, kundi, printa ipi, folda ipi, kompyuta ipi inaruhusiwa kufanya nini. Kila kitu kingine kinaiuliza. Hata Open-Xchange na Nextcloud, zikishawekwa, kwa kawaida huunganishwa nayo ili mtu asiwe na maneno ya siri matatu. Kwa hiyo unaweza kuondoa Exchange, ukaondoa SharePoint, na bado katikati ya nyumba kuna Windows Server inayodai leseni ya kila kichwa.

Kuibadilisha kunawezekana, na historia ya kuwezekana huko ni ndefu. Andrew Tridgell alianza kuandika Samba, programu huria inayozungumza lugha ya seva za Windows, mwaka 1992 akiwa Canberra, Australia, kwa kuchungulia mawasiliano ya mtandao yanavyopita na kukisia maana yake. Mwaka 2004 Tume ya Ulaya iliitoza Microsoft faini ya euro milioni 497 na kuiamuru itoe taarifa za jinsi seva zake zinavyozungumza. Kesi iliendelea hadi Septemba 2007, Microsoft ikashindwa mahakamani, na Desemba mwaka huo watu wa Samba wakapata nyaraka hizo kwa malipo ya mara moja ya euro 10,000. Desemba 2012 Samba 4.0 ikatoka, na kwa mara ya kwanza seva ya Linux iliweza kusimama kama mtawala kamili wa Active Directory, kompyuta za Windows zikaingia bila kujua tofauti. Kampuni ya Univention ya Bremen imejenga bidhaa nzima juu ya msingi huo.

Kiel wameiweka saraka kwenye orodha tangu 2024, na nafahamu kwa nini hawakuanzia hapo. Barua ikigoma, watu wanapigiana simu. Saraka ikigoma, hakuna anayeingia kwenye kompyuta yake.

Ukiwa na ofisi ya watu sitini Dar es Salaam au Nairobi

Huku kwetu ankara inakuja kwa dola, mapato yanaingia kwa shilingi, na shilingi ikiteleza bei imepanda hata kama muuzaji hajagusa orodha yake. Ari ya kuhama ipo. Na programu huria si ngeni kwenye mifumo mikubwa ya kwetu: takwimu za afya za Kenya zinaendeshwa kwa programu huria ya DHIS2 nchi nzima tangu 2011, Tanzania nayo inaitumia, na OpenMRS, ya kumbukumbu za wagonjwa, ilikulia Eldoret.

Hata hivyo mpangilio wa Kiel usiigwe kama ulivyo. Ofisi ya watu sitini isianze na barua pepe. Kuendesha seva ya barua leo kunahitaji SPF, DKIM na DMARC (mipangilio inayothibitisha kuwa barua imetoka kwako kweli) zilizokaa sawa, anwani ya intaneti isiyo na rekodi ya barua taka, umeme usiokatika na mtu wa kuamka usiku. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti kwa wanaotuma barua nyingi, na barua za ofisi ndogo iliyojiwekea seva yake chini ya meza zinaishia kwenye kapu la taka la mteja bila hata taarifa kurudi. Zimbra, programu ya seva ya barua ambayo ofisi nyingi za kwetu zimeitumia, ilishambuliwa vibaya mwaka 2022, na baadhi ya matundu yaliyotumika viraka vyake vilikuwa vimeshatoka. Kwa matundu hayo, walioumia ni wale ambao hakuna aliyekuwa na kazi ya kuviweka.

Ningeanza na tabaka ambalo mtumiaji halioni kabisa. Kama una VMware, Proxmox kutoka Vienna inafanya kazi hiyohiyo juu ya KVM, teknolojia ya mashine pepe iliyo ndani ya Linux, na ina njia ya kuingiza mashine pepe kutoka ESXi ya VMware moja kwa moja. Kisha seva ya mafaili: Samba kwa wanaokaa ofisini, Nextcloud kwa wanaotembea. Bekapu ikiwa tayari na imeshajaribiwa kurudishwa, hapo ndipo zamu ya saraka. Barua iende mwisho, na pengine iende kwa mtoa huduma anayeendesha programu huria kwa ajili yako, mwenye mafundi wa zamu ambao huna uwezo wa kuwaajiri peke yako.

Kabla ya yote hayo, kaa na daftari uandike kila programu ya kazi inayoitisha Word au Excel nyuma ya pazia: ya uhasibu, ya mishahara, ya kutoa barua za wateja. Ile asilimia 20 ya kompyuta ambazo Kiel walikuwa hawajazigusa mwishoni mwa 2025 ilikwama hapohapo. Ni programu maalumu za idara zilizoandikwa miaka mingi iliyopita, zinazofungua Word ili kutengeneza hati na hazijui kufungua kitu kingine. Kuzirekebisha kunamtaka kila aliyeziuza akubali kuandika upya kipande cha bidhaa yake, na sehemu ya zile euro milioni 9 za 2026 ni ya kazi ya aina hiyo. Baada yao kuna walimu wapatao 30,000 ambao jimbo limesema watafuata katika miaka ijayo, na mamlaka ya kodi yenye ratiba yake ya pembeni.